Matone ya nepafenaki baada ya kutolewa mtoto wa jicho: dawa nzuri, kichupa kigumu

Dawa yenyewe naipa alama tano kati ya tano. Kichupa chake nakipa mbili, na hizo mbili ni za huruma. Nimeitumia mara mbili, jicho la kulia kwanza, la kushoto wiki sita baadaye, kwa hiyo nina haki ya kusifu na haki ya kulalamika.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi hii nimeifanya miaka 38, na jicho ndilo linaloniletea riziki kabla ya mkono. Mtoto wa jicho hakunijia kwa kishindo. Alianzia kwenye taa: balbu ya juu ya meza ikaota manyoya pembeni. Kisha kutunga uzi kukawa kubahatisha, na mimi nikawa nawalaumu wenye viwanda kwamba sindano za siku hizi wanazitoboa matundu madogo. Siku nilipotolewa plasta ya jicho la kulia, nililitazama koti jeusi la mteja lililokuwa limetundikwa tayari kuchukuliwa, nikaona kola nzima nimeishona kwa uzi wa buluu iliyoiva. Nikafumba jicho la kulia: uzi mweusi. Nikafumba la kushoto: uzi wa buluu. Nimefanya hivyo mara tatu nne kisha nikaketi, nikaanza kuhesabu kichwani ni makoti mangapi yameshatoka mlangoni mwangu yakiwa hivyo.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuueleza. Ganzi, taa kali, mlio wa mashine, maji yanayotiririka shavuni. Lenzi iliyoingia ukungu inavunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa kupitia kitundu kidogo, halafu lenzi ya bandia inaingizwa ikiwa imekunjwa na kukunjuka humo ndani. Lenzi ya kwanza ya namna hiyo iliwekwa London mwaka 1949 na Harold Ridley, aliyekuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita vilivyowaingia marubani machoni vilikaa humo bila kuleta ghasia. Jicho linaivumilia plastiki. Lisichokivumilia ni kukatwa na kuguswaguswa, na hapo ndipo habari ya matone inapoanza.

Nilivyoelezwa na daktari wangu ni hivi. Jicho likiguswa hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazoleta wekundu, maumivu, kuumizwa na mwanga na uvimbe. Nepafenaki inazuia utengenezaji huo. Ni ndugu wa diklofenaki, ile ambayo wengi tumeimeza kwa mgongo na magoti, na ukoo wao wote huitwa dawa za kupunguza uvimbe zisizo na steroidi. Kilichonifurahisha ni kwamba nepafenaki huingia jichoni ikiwa bado haijawa dawa kamili. Inapenya konea, kile kioo cha mbele, na huko ndani vimeng'enya vya jicho lenyewe vinaigeuza kuwa amfenaki, ambayo ndiyo inayofanya kazi. Ni kama kitambaa kilichokatwa huku nje na kushonwa chumba cha ndani.

Tena haikuandikwa kwa ajili ya maumivu peke yake. Nyuma kabisa ya jicho, katikati ya retina, pana sehemu ndogo tunayosomea na kutungia uzi. Kwa baadhi ya watu sehemu hiyo huvimba baada ya upasuaji uliokwenda vizuri kabisa, na mara nyingi hujitokeza wiki ya nne hadi ya sita, wakati mtu ameshajiona amepona. Daktari aitwaye Irvine aliueleza uvimbe huo mwaka 1953. Kwa mgonjwa inakuwa hivi: unaona vizuri wiki tatu, halafu maandishi yanaanza kufifia katikati. Matone haya hupunguza uwezekano huo. Nilipoambiwa hivyo nikaelewa kwa nini nisiyaache siku ya nne kwa sababu jicho haliumi. Siku ya nne jicho langu halikuwa linauma hata kidogo, na najua ningeyaacha.

Sasa mfuko wa dawa. Nilirudi nyumbani na vichupa vitatu: antibayotiki, steroidi (nayo ya kupunguza uvimbe, ila ya ukoo mwingine), na hii nepafenaki ya nguvu ya 0.1%, tone moja mara tatu kwa siku. Hii ya tatu nilikuwa nimeianza siku moja kabla ya upasuaji, nikaendelea nayo siku yenyewe, na niliandikiwa wiki mbili baada ya hapo. Steroidi ilikuwa na ngazi zake: mara nne kwa siku wiki ya kwanza, mara tatu ya pili, mara mbili ya tatu, mara moja ya nne. Antibayotiki mara nne kwa siku, wiki moja tu. Jumlisha mwenyewe uone siku ya kwanza nzima inavyokwenda, na wakati huo jicho moja lina kinga ya plastiki na la pili lina mtoto.

Vichupa vyote vitatu vilikuwa vyeupe, vidogo kama ncha ya kidole gumba, na maandishi ya kusomwa na sisimizi. Kifuniko cha nepafenaki kilikuwa cha kijivu, cha steroidi waridi, cha antibayotiki rangi ya mchanga. Nesi aliniambia rangi hizo si za bahati: kuna utaratibu wa rangi za vifuniko unaoungwa mkono na chama cha madaktari wa macho wa Marekani, ambapo kijivu ni ukoo huu wa nepafenaki, waridi ni steroidi, na rangi ya mchanga ni dawa za kuua vijidudu. Ni wazo zuri. Lakini si kila kiwanda duniani kinaufuata, na mimi mwenyewe nilikuja kuliona hilo, nitalisema mbele. Zaidi ya hapo, ukimwambia mtu mwenye mtoto wa jicho atofautishe waridi na rangi ya mchanga saa kumi na mbili alfajiri, unamwonea.

Kwa hiyo nilitumia uzi. Nilifunga kila kichupa shingoni kwa uzi mnene na kupiga mafundo, idadi ya mafundo ikiwa ndiyo mara za kutia kwa siku. Nepafenaki mafundo matatu. Steroidi mafundo manne, na kila wiki inapokwisha nafungua fundo moja. Antibayotiki ilikuwa na mafundo manne pia, basi hiyo nikaifunga uzi wa sufu ili kidole kihisi tofauti. Ningeweza kutia dawa gizani. Binti yangu alicheka, halafu akaniomba nimfungie na mafuta yake ya nywele.

Kuhusu namna ya kutia, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye kikaratasi jambo hili limepewa mistari mitatu na mimi lilinigharimu kichupa kizima.

Kichupa changu kilikuwa na mililita 3. Ukikadiria matone 20 kwa kila mililita, hayo ni matone 60. Mimi nilihitaji matatu kwa siku kwa siku 16, yaani 48. Unaona ziada ni ndogo. Siku ya nane baada ya upasuaji kichupa kilikauka. Nikapiga simu kwa hasira, nikasema nimeuziwa kichupa pungufu. Nesi hakubishana. Aliniuliza swali moja: "Mama, huwa unatia matone mangapi kila mara?" Nikamwambia moja, na jingine la kuhakikisha. Hesabu yake ikawa wazi: sita kwa siku, siku kumi, 60. Kichupa hakikuwa na kosa.

Na lile tone la kuhakikisha halisaidii kitu. Ule mfuko wa chini ya kope una nafasi ndogo kuliko tone lenyewe, kwa hiyo hata tone moja linamwagika kidogo. La pili linaloanguka papo hapo linalisukuma la kwanza nje, na kinachobaki kinateremka kwenye mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Ndiyo maana wengine huhisi uchungu wa dawa mdomoni, wakadhani wamechanganyikiwa.

Sasa nafanya hivi. Nanawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Natikisa kichupa vizuri, kwa sababu nepafenaki si maji matupu, ina unga laini ulioelea ndani yake. Ikikaa, dawa inazama chini, na usipoitikisa utatia maji juma la kwanza na uji juma la pili. Steroidi niliyopewa nayo ilikuwa ya kutikisa. Nalala chali kitandani, bila mto. Naweka doa la kutazama juu darini. Mkono unaoshika kichupa nauegemeza kwenye paji la uso, ili mkono ukitetemeka kichupa na jicho vitetemeke pamoja. Ncha haigusi chochote, si kope, si kidole, si kitambaa, kwani ikigusa inabeba vijidudu na kuvirudisha ndani ya kichupa, na jicho lenye kidonda kibichi ndilo jicho la mwisho unalotaka kulipelekea vijidudu. Kope ya chini naishusha kwa kidole cha mkono wa pili kwa kukandamiza mfupa wa shavu. Kamwe silikandamizi jicho lenyewe.

Tone likishaingia, nafumba polepole. Kukaza jicho kama mtu aliyeingiwa na moshi kunalikamua tone lote nje. Nafumba tu, halafu kwa ncha ya kidole nabana kona ya ndani, upande wa pua, dakika moja au mbili. Hapo ndipo ulipo mlango wa mfereji. Ukiuziba, dawa inabaki jichoni na haiendi kuzunguka mwilini. Baada ya hapo nasubiri dakika 5 kamili kabla ya kichupa kinachofuata, nikihesabu kwa simu. Ukifululiza vichupa vitatu kwa dakika moja umelitia jicho dawa moja tu, ile ya mwisho.

Kichupa nilikipunguzia alama kwa ugumu wake. Plastiki ni nene, na ukibonyeza haitoi, haitoi, halafu inatoa mawili kwa mpigo. Mimi nina vidole vilivyoshika mkasi miaka yote hii na bado nilitumia nguvu. Mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole sijui wamefikiria afanye nini. Kuna vifaa vya plastiki vya kushikilia kichupa juu ya jicho na kukibana kwa urahisi. Kama vidole vyako vinauma, uliza kabla ya upasuaji, usingoje siku ya kwanza unatokwa na machozi ya hasira. Au tafuta mtu wa kukutilia. Hakuna aibu.

Kichupa cha pili nilikichukua famasia. Kijana wa dirishani aliniambia nepafenaki ya kiwanda kile imekwisha, ila ana ndugu zake, ketorolaki na bromfenaki. Nikamuuliza, "Mwanangu, ni kitu kilekile?" Akanijibu vizuri, namshukuru hadi leo: "Mama, ukoo mmoja, ratiba tofauti. Hii ya 0.5% hutiwa mara nne kwa siku, hii ya 0.09% mara moja. Siwezi kukubadilishia bila daktari wako." Akapiga simu mbele yangu. Mwisho akapata nepafenaki ya 0.1% kutoka kiwanda kingine, na kifuniko chake kilikuwa cheupe. Dawa ileile, nguvu ileile, rangi nyingine. Kama ningekuwa naenda kwa rangi peke yake ningepotea. Nikahamisha uzi wangu wenye mafundo matatu, nikasonga mbele.

Machoni dawa ilikuwaje? Kwangu ilichoma kidogo kwa sekunde kumi hivi, kama jasho linapoingia, siku tatu za kwanza, kisha hata hilo likaisha. Wenzangu niliokutana nao kwenye foleni ya kuangaliwa waliotumia ketorolaki walilalamika zaidi, na kikaratasi chake kinakiri kwamba katika majaribio hadi asilimia 40 ya watumiaji walisikia kuchomwa kwa muda. Kinachoudhi kwa nepafenaki ni ukungu. Kwa kuwa ni ya unga, dakika chache baada ya kutia unaona kama kupitia shela. Kwenye cherehani hilo si jambo la mzaha; sindano haimngoji mtu. Niliketi pembeni hadi jicho liwe safi. Anayeendesha gari naye asubiri.

Nilisahau tone la mchana mara mbili. Mara ya kwanza nilikumbuka saa tisa, nikatia. Mara ya pili nilikumbuka jioni wakati wa tone lililofuata, nikaliacha lililopita lipite. Hakuna kufidia kwa kutia mawili.

Sasa nifike mahali ambapo karibu niharibu kazi yote.

Wiki mbili zilipokwisha kichupa cha pili kilikuwa bado na dawa ya kutosha. Jicho lilikuwa zuri ila lilikuwa na ukavu fulani, hasa alasiri baada ya kazi ndefu, kama lina mchanga. Nikatia tone la nepafenaki. Lilitulia. Kesho yake nikatia tena. Sikuona kosa: dawa niliandikiwa mimi, jicho ni langu, na linapata nafuu. Nilifanya hivyo siku nne, na siku ya tano ilikuwa ni ya kuangaliwa. Nilimwambia daktari kwa kujisifu kabisa, kama mwanafunzi aliyefanya zoezi la ziada.

Hakunigombeza. Alinitia rangi ya manjano jichoni, akazima taa, akaangalia konea kwa mwanga wa buluu muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha akasema nina bahati, ni salama, na nisirudie tena. Kinachopunguza uvimbe, akasema, kinachelewesha pia kupona, maana uvimbe wenyewe ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Konea haina mishipa ya damu, hujiponya taratibu. Matone ya ukoo huu yakiendelea kupita siku 14 baada ya upasuaji, hatari ya konea kuchubuka inaongezeka, na kwa wachache hukonda, hupata kidonda, hata hutoboka. Zaidi kwa wenye kisukari, baridi yabisi, macho makavu, konea iliyokwisha kuumia, au waliofanyiwa upasuaji wa jicho lilelile mara kadhaa kwa muda mfupi. Na ukichanganya na steroidi, kama mimi wakati ule, kupona kunachelewa zaidi. Mwaka 1999 huko Marekani aina moja ya matone ya diklofenaki iliondolewa sokoni baada ya madaktari kuripoti konea za wagonjwa zinayeyuka. Neno ndilo hilo wanalolitumia wenyewe, kuyeyuka.

Kilichonikaa moyoni ni jambo lingine alilolisema huku anaandika. Dawa hii inapunguza maumivu, na konea ikianza kuumia, maumivu ndiyo yangekuambia. Nilikuwa nalinyamazisha jicho kila linapotaka kusema. Ule mchanga niliousikia ulikuwa ukavu, jambo la kawaida baada ya upasuaji huu, na dawa yake ilikuwa machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi, ambayo aliniandikia palepale. Nepafenaki nyingi zina kihifadhi cha kuzuia vijidudu, na kihifadhi hicho kikitiwa mara kwa mara huliongezea ukavu jicho ambalo tayari ni kavu. Yaani nilikuwa nazima moto kwa kutumia majani makavu.

Sisemi siku 14 ni amri ya kila mtu. Ulaya, kwa mfano, wenye kisukari wanaweza kuandikiwa matone haya hadi siku 60, kwa sababu kwao ule uvimbe wa retina ni tishio kubwa zaidi, na daktari hupima hatari mbili akachagua ndogo, huku akimwangalia mgonjwa. Hiyo ni tofauti na mimi kujiongezea siku kwa sababu kichupa hakijaisha.

Hapohapo aliniandikia kwa herufi kubwa mambo ya kumkimbilia bila kungoja miadi: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kuona kunakoshuka, wekundu unaozidi, usaha, vimulimuli vya mwanga, madoa mengi mapya yanayoelea, au kivuli kama pazia. Hasa juma la kwanza, kwa kuwa maambukizi ya ndani ya jicho mara nyingi hujitokeza wakati huo, na saa chache zinaweza kuwa ndizo jicho lenyewe. Jicho likiuma zaidi wakati unatia dawa ya kutuliza, usiongeze tone. Piga simu.

Jicho la kushoto nilipewa nepafenaki ya 0.3%, tone moja kwa siku. Hii ndiyo ninayoisifu bila kinyongo. Fundo moja tu kwenye uzi. Asubuhi natia, nimemaliza, naendelea na siku yangu. Ni nzito kidogo kuliko ile ya kwanza na ukungu wake unakaa dakika mbili tatu zaidi, lakini mara moja kwa siku haina mfano kwa mtu anayejitilia mwenyewe. Safari hii kichupa kilitosha na kubaki. Tarehe ya kukifungua niliiandika kwenye lebo kwa kalamu ya kuchorea vitambaa, kwa sababu kichupa kikishafunguliwa siku zake ni 28 hata kama ndani mna dawa. Kama daktari wako anakupa nafasi ya kuchagua na afya yako inaruhusu, muulize kuhusu hii ya mara moja.

Limebaki la dada yangu, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Dada alikuja kunitazama wiki ya tatu ya jicho la pili. Jicho lake moja lilikuwa jekundu, linawasha. Akakiona kichupa mezani. "Hicho ndicho kilichokuponya? Nitilie tone moja." Dada yangu ananizidi miaka mitano na hajazoea kukataliwa nami. Nilikuwa nimeshakitikisa kichupa, na kama si kile kipindi cha rangi ya manjano na mwanga wa buluu, ningemtilia. Badala yake nikamwambia, "Dada, subiri nisome." Nikasoma, kwa jicho langu jipya, yale maandishi ya sisimizi. Mstari ulisema mtu aliyewahi kupatwa na pumu au mzio kwa sababu ya aspirini au ndugu zake asitumie bila daktari kujua.

Dada ana pumu. Miaka ya nyuma aliwahi kumeza aspirini kwa kichwa kinachouma akaishia kwenye barakoa ya kupumulia usiku kucha. Nilikuwepo. Nilimshika mkono usiku ule, na bado nilikuwa nimekishika kichupa juu ya jicho lake bila kuunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu tone ni dogo na jicho liko mbali na kifua. Haliko mbali. Kuna ule mfereji, kuna pua, kuna koo.

Alikasirika kidogo. Akasema mimi tangu nipate macho nimekuwa daktari. Kesho yake binti yangu akampeleka kuangaliwa, na wekundu ulikuwa ni mzio wa kawaida, akapewa matone mengine kabisa. Kichupa changu nilikitupa jioni ileile, kikiwa na dawa nusu. Uzi nimeubakiza.

Katika kumwangalia waligundua na yeye ana mtoto wa jicho anayeanza, jicho la kulia, bado mchanga. Ameandikishwa kurudi baada ya miezi sita. Binti ananiambia alipokaa kwenye kiti, kabla hata hajaulizwa jina, aliwaambia ana pumu na aspirini haipatani naye.